Jibu kwa Jeltsje Kuhusu Lifti

Umenitumia tena, Jeltsje, ile karatasi yenye picha:
vyumba vitatu Leeuwarden, ghorofa ya tano,
lifti, sakafu ya moto, majirani wasio na makelele.
Baba yako ameiwashia jiko.
Utusamehe. Kuni zilikuwa na umande.

Nakujibu kwa penseli, kwani kalamu imegoma kwa baridi.

Ni kweli, chombo kinavuja.
Kinavuja mahali pamoja tu, juu ya mto wangu wa kushoto,
nami nimekwisha kujizoeza kulalia wa kulia.
Kweli, kimezeeka kuliko bibi yako aliyekufa mzee.
Kilibeba viazi, kikabeba samadi,
na siku za joto, ukiinama ngamani,
samadi bado inakuamkia.
Lakini hujakiona siku nyingi kikitweka tanga:
kahawia, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
foromali yake fupi imepinda huko juu
kama unyusi wa mtu asiyeamini anachoambiwa;
na zile mbao mbili za ubavuni, mwaloni mtupu,
tunaishusha moja, ya upande wa demani,
nacho kinaacha kuteleza, kinashika njia,
kinakwenda.

Juzi tulipita daraja la kijijini.
Mlinzi ni mpya, kijana, Ate wa kina Hoekstra.
Akatuteremshia kiatu cha mti kwenye uzi wa ndoana,
kama babu yake alivyokuwa akivua ushuru.
Baba yako akatia sarafu mbili na kitunguu.
Ate akakitazama kitunguu.
Akakitia mfukoni.
Daraja likainuka.

Basi Jumatano tukakosea.
Baba yako alisema maji yanatosha.
Nikamwambia yanakupwa.
Akanigeuzia lile sikio lisilosikia.
Saa nane na robo tukakaa juu ya mchanga, taratibu,
wima, kama bata aliyeatamia,
na mnara wa Terschelling uko pale, karibu
kama kidau cha chumvi usichokifikia mezani.

Hapo ndipo nilipotamani uwepo.
Bahari iliondoka bila kuaga.
Ikaacha mifereji inayometa, ikaacha sili kumi na mmoja
wamelala kifuani kwa fungu kama magunia yaliyoanguka,
ikaacha saa sita zisizokuwa na kazi.
Tukashuka kwa ngazi, na mabuti, na ndoo.
Tukaokota kombe. Nikakizunguka chombo chetu kwa miguu,
mimi niliyekaa ndani yake miaka kumi na tisa,
nikapapasa tumbo lake, ribiti kwa ribiti,
nikaona haya kidogo, kama niliyemkuta mtu anaoga.

Tulikula sitahani, miguu inaning'inia
juu ya nchi kavu ambayo asubuhi itakuwa na samaki.
Hakuna bamvua lisilo usubi, najua:
magoti yananiuma, soksi hazikauki,
choo, nacho tusikitaje.
Lifti niliipanda mwaka jana, hospitali ya macho.
Ilinipandisha, ikanishusha, mlango ukafunguka,
na yule yule mwanamke alikuwa anangoja pale pale.

Saa tisa usiku niliamka.
Sikusikia kitu. Niliona taa:
ilikuwa imening'inia kimya tangu mchana,
sasa imeanza kutikisika, upana wa ukucha,
inakwenda, inarudi.
Na baba yako, asiyesikia hata honi ya feri,
akasema gizani, macho kafumba,
"Tunaelea."
Aliisikia kwa mgongo.
Akalala tena. Mimi sikuweza,
nilikuwa na furaha, na furaha ya saa tisa usiku
huna pa kuipeleka.

Njoo Pasaka, mje na mtoto.
Mlete vitunguu, vyetu vimebaki viwili,
na kimoja ni cha Ate.